Pilipili kali ina zaidi ya ukali

Ukinunua fungu la pilipili mbuzi, iwe Tanga, Mombasa au Darajani Unguja, usikimbilie kulitia chunguni. Limwage kwanza kwenye sinia. Utakuta zilizokunjamana na kubana kiunoni, utakuta fupi pana zilizotuna, na nyingine zimechongoka hadi zinakaribia kuwa ndefu. Zikiiva, hii inakuwa ya njano, hii ya chungwa, hii nyekundu. Mara nyingi zote zimetoka kwa mkulima mmoja, pengine tuta moja. Mnunuzi wa kupeleka nje huiona hali hiyo kuwa kasoro, maana boksi lake linatakiwa liwe na umbo moja na rangi moja. Mimi mchanganyiko huo ndio unaonirudisha sokoni. Kila tofauti inayoonekana kwenye lile sinia ni dalili ya tofauti nyingine nyingi zisizoonekana: mmea unaovumilia jua kali la Januari, mmea ambao virusi haviuwezi haraka, mmea unaoendelea kuzaa wakati wenzake wamechoka.

Siku hizi mazungumzo ya pilipili yamegeuka kuwa ya rekodi. Mwaka 2007 Bhut Jolokia ya Assam, kaskazini mashariki mwa India, iliingia kwenye rekodi za Guinness ikiwa imevuka vipimo milioni moja vya Scoville. Mwaka 2013 ikaja Carolina Reaper ya Marekani. Mwaka 2023 mkulima yuleyule aliyeitoa Reaper, Ed Currie, akatoa Pepper X, ambayo wastani wake ni 2,693,000. Kipimo chenyewe ni cha tangu mwaka 1912, pale mfamasia Wilbur Scoville alipokuwa akizimua dondoo ya pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji waseme hawasikii tena muwasho. Leo mashine za maabara ndizo zinazopima, lakini jina limebaki lake. Pilipili mbuzi zetu ziko kwenye ukoo wa habanero, ambao kwa kawaida huangukia kati ya 100,000 na 350,000. Hizo zinatosha kumtoa mtu machozi.

Naona mashindano haya yametupotezea muda. Vijana wanaoagiza mbegu za Reaper kwa gharama kubwa wanapita juu ya pilipili za nyuma ya nyumba ambazo hakuna aliyewahi kuzichunguza ipasavyo, na wanaamini kwamba kuboresha pilipili maana yake ni kuongeza moto. Moto ni sifa mojawapo tu, tena sifa inayomgharimu mmea. Nitaeleza.

Lakini kwanza tujue tunazungumzia mimea mingapi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ukoo wa Capsicum una spishi takribani 40, na wanadamu wamezifuga tano tu. Hapa kwetu tunaishi na tatu kila siku, na namna nzuri ya kuzitambua ni kuangalia ua, si tunda. Hoho na pilipili ndefu nyekundu za kawaida ni Capsicum annuum: ua ni jeupe kabisa, na kwenye kila kifundo cha tawi hutoka moja moja. Pilipili mbuzi ni Capsicum chinense: kifundo kimoja hutoa maua mawili, matatu au zaidi, yanainamia chini, na tunda likikomaa ukipitisha kucha pale kikonyo kinapokutana na kikombe chake utahisi mkunjo kama pete. Pilipili kichaa ni Capsicum frutescens: ua lina weupe wenye ukijani, tunda linasimama wima likitazama juu, na likiiva linaachia kikombe chake kwa kuguswa tu, bila kuvutwa.

Kule kuachia kirahisi si jambo la bahati. Kunamsaidia ndege. Mwaka 2001 watafiti Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha kwamba ndege wanaokula pilipili pori hawasumbuliwi na kapsaisini, ile kemikali inayowasha, ilhali panya na wanyama wenzake wanaitema. Panya husaga mbegu kwa meno ikafa. Ndege humeza nzima, akaenda kuidondosha chini ya mti mwingine ikiwa hai. Ndiyo maana pilipili kichaa humea yenyewe chini ya miembe na kando ya ua bila kupandwa na mtu. Aliyeipanda alikuwa juu ya tawi.

Mbili zilizobaki, Capsicum baccatum na Capsicum pubescens, ni za Amerika ya Kusini na hazikuenea kwetu. Ya kwanza ina madoa ya njano au kijani kwenye petali zake. Ya pili ina ua la zambarau, majani yenye manyoya na mbegu nyeusi tii. Nazitaja kwa sababu tutaihitaji hiyo ya kwanza huko mbele.

Pilipili zote hizi asili yake ni Amerika. Nchini Ecuador wanaakiolojia wamekuta mabaki ya wanga wa pilipili kwenye vyombo vya kupikia na kusagia vya miaka kama 6,000 iliyopita, maana yake watu wa huko walikuwa wanapika nazo kabla ya piramidi za Misri kujengwa. Baada ya safari za Columbus, merikebu za Wareno na wafanyabiashara wengine zilizisambaza Afrika na Asia katika karne ya 16. Pwani yetu ikazipokea ikazifanya zake, hata zikawa bidhaa: mwanzoni mwa karne ya 20, vitabu vya famasia vya Uingereza viliorodhesha pilipili ndogo kavu kwa bandari zilikotoka, na Zanzibar na Mombasa zilikuwamo.

Safari hiyo ina jambo moja kubwa la kulitafakari. Baharia hakubeba pilipili zote za Amerika. Alibeba kikonzi cha mbegu kutoka soko alilofikia. Kilichoshuka kwenye majahazi yetu kilikuwa kipande cha kipande, na pilipili zote zilizozaliwa hapa tangu hapo zimetokana na kipande hicho. Halafu miaka mia nne na zaidi ya kuchaguliwa na akina mama wa mashambani, kuliwa na ndege, kuchavushwa na nyuki na kupigwa na magonjwa ya huku ikazichonga upya. Kwa hiyo tuna vitu viwili kwa pamoja: asili finyu, na juu yake uzoefu wa hapa usiopatikana kwingine. Mwaka 2021 timu ya kimataifa ilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya sampuli zaidi ya 10,000 za pilipili kutoka benki za mbegu mbalimbali, ukionyesha jinsi mmea huu ulivyofuata njia za biashara duniani. Moja ya mambo waliyogundua ni kwamba sampuli zaidi ya 1,600 zilikuwa zinajirudia: mbegu ileile imehifadhiwa mara mbili au zaidi kwa majina tofauti. Huku benki zikirudia zilichonacho, huenda kuna mitaa mizima Pemba na Usambara ambayo pilipili zake hazijawahi kutiwa kwenye bahasha yoyote.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Pasua pilipili mbuzi kwa urefu, taratibu, bila kugusa macho. Utaona ukuta wa nje, mbegu, na katikati utando mweupe unaozishika mbegu. Tazama vizuri pembeni ya ule utando, utaona vijichirizi vya njano vinavyong'aa kama mafuta. Kapsaisini inatengenezwa hapo. Mbegu haitengenezi moto. Inawasha kwa sababu imelala ubavuni mwa utando. Kwenye zile pilipili za rekodi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico, wakiongozwa na Paul Bosland, waligundua kuwa vifuko vya kapsaisini vimetapakaa hadi kwenye ukuta wa tunda, jambo ambalo pilipili za kawaida hazina. Hilo ndilo linalozipa moto usio wa kawaida.

Kuwasha au kutowasha kunaamuliwa kwa kiasi kikubwa na jeni moja inayoitwa Pun1. Jeni hii ikiwa nzima, hata nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja, tunda litawasha. Hoho haiwashi kwa sababu nakala zake zote mbili zimekatika: kipande cha herufi kama 2,500 za vinasaba kimepotea pale mwanzoni mwa jeni. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kwenye ukoo wa pilipili mbuzi jeni hiyohiyo imewahi kuharibika kwa njia yake, zikipungua herufi nne tu, na kwenye ukoo wa pilipili kichaa ikaharibika kwa njia ya tatu. Spishi tatu, ajali tatu tofauti, matokeo mamoja: pilipili isiyowasha.

Kutoka hapo unaweza kujibu lile swali la kila kijiji, kwamba eti ukipanda hoho karibu na pilipili kali hoho itawasha. Msimu huu haitawasha. Nyama ya tunda ni mwili wa mama, haibadilishwi na chavua iliyoletwa na nyuki. Kilichobadilika ni mbegu iliyo ndani. Ukiikausha mbegu ile ukaipanda msimu ujao, miche iliyotokana na mchanganyiko itatoa matunda yenye umbo la kati na kati, na yatawasha yote, kwa sababu Pun1 nzima inaitawala ile iliyokatika. Ukipanda mbegu za hao nao, katika kila miche minne mmoja kwa wastani utarudi kutokuwasha. Anayelalamika kwamba muuza mbegu kamdanganya mara nyingi alipewa mbegu ya hoho ambayo mama yake alitembelewa na nyuki aliyetoka kwenye pilipili ndefu.

Ama kiwango cha moto, yaani inawasha kidogo au inaunguza, hicho hakina jeni moja. Ni kazi ya jeni nyingi pamoja na hali ya shamba. Mmea uliokoseshwa maji kidogo wakati wa kuzaa hutoa pilipili kali kuliko dada yake aliyemwagiliwa kila asubuhi. Ndiyo sababu huwezi kuchagua mbegu kwa kuonja tunda moja la mmea mmoja ukadhani umepata ukali wa kurithiwa.

Nilisema moto una gharama. Ushahidi mzuri unatoka Bolivia, ambako kuna pilipili pori iitwayo Capsicum chacoense. Ajabu yake ni kwamba mimea inayowasha na isiyowasha ya spishi hiyo moja inaota bega kwa bega. Tewksbury na wenzake walitembea wakipima kutoka maeneo makavu hadi yenye unyevu, wakakuta kadiri unyevu unavyoongezeka ndivyo wenye kuwasha wanavyokuwa wengi. Kwenye unyevu kuna wadudu wanaotoboa tunda na kuingiza kuvu la Fusarium linaloua mbegu, na kapsaisini hulizuia kuvu hilo. Moto ni ulinzi. Kwenye ukavu mambo yanageuka: mwaka 2012 kundi hilohilo lilionyesha kwamba maji yakiwa haba, mmea unaowasha huzaa mbegu nusu tu ya zile za mmea usiowasha, na majani yake yana matundu mengi zaidi ya kupumulia, hivyo hupoteza maji haraka. Tafsiri ya hilo kwa mkulima wa Same au Kilifi naiona waziwazi. Ukimtaka mmea ahimili ukame, huenda ukali wa kupindukia ukawa ndio mzigo unaopaswa kumtua.

Na wateja wenyewe, je, wanataka moto? Mama mmoja anayeniuzia pilipili sokoni huwa ananivulia kikonyo na kuniambia, "Nusa kwanza, mwanangu. Hii nyekundu itakuchoma bure, harufu hana. Chukua hizi za njano." Hajasoma jenetiki, lakini anafanya uteuzi ambao mabingwa wa mbegu wanaufanya kwa mashine. Harufu ya pilipili mbuzi, ile inayokaribia embe bivu na chungwa, ndiyo inayoipa thamani kwenye achari ya ndimu, kwenye mchuzi wa samaki wa nazi na kwenye urojo. Na harufu na moto ni vitu viwili vinavyorithiwa kila kimoja kivyake.

Baba yangu ana vidonda vya tumbo na daktari alimwambia aachane na pilipili. Ameacha, lakini analalamika kila Ijumaa kwamba pilau halinukii. Kwa mtu kama yeye suluhisho lipo tayari duniani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico kilitoa NuMex Suave, habanero yenye moto mdogo sana. Michael Mazourek wa Chuo Kikuu cha Cornell akatoa Habanada, yenye harufu yote ya habanero bila muwasho. Visiwa vya Karibiani wana pilipili za kiungo za aina hiyo tangu zamani, zimechaguliwa na wapishi, si na maabara. Japani nao waliichagua kutoka kwenye pilipili kali ya Thailand aina iitwayo CH-19 Sweet, ambayo badala ya kapsaisini hutengeneza kemikali ndugu yake isiyounguza mdomo. Hakuna kinachozuia pilipili mbuzi ya Tanga isiyowasha kutokea. Huenda imeshaota mahali, mtu akaionja, akaona haina faida, akaing'oa.

Wapo wanaohitaji moto kwelikweli, na sitaki nionekane nawadharau. Watengenezaji wa dawa za kupaka za maumivu wanahitaji kapsaisini. Wakulima wanaopakana na hifadhi nao wanaihitaji: hapa Tanzania vipo vijiji vinavyozungushia mashamba kamba na vitambaa vilivyopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga ili tembo wasiingie kwenye mahindi. Kwa kazi hiyo pilipili kichaa iliyo kali, inayokauka vizuri na kuvunwa kwa wingi ni mali. Lakini hata hapo, ukali bila mavuno hausaidii.

Sehemu inayonigusa zaidi ni magonjwa. Anayelima pilipili anajua kinachommaliza: chule kinachoacha madoa meusi yaliyobonyea kwenye tunda linalokaribia kuiva, mnyauko unaoangusha mmea mzima ukiwa na maua, vithiripi, vidukari na nzi weupe wanaobeba virusi mpaka majani yakajikunja. Wengi wanajibu kwa kupulizia, wiki kwa wiki. Dawa inayodumu iko kwenye mbegu, na historia ya pilipili inaonyesha kwamba mara nyingi imetoka kwenye tunda ambalo hakuna mnunuzi angeligusa.

Mfano ni kundi la virusi vya mozaiki ya tumbaku na ndugu zake, vinavyoambukizwa hata kwa mikono na zana. Kinga yake ni jeni zilizopewa jina L. Ya kwanza, L1, ilipatikana kwenye Capsicum annuum. Virusi vikabadilika vikaishinda. L2 ikapatikana kwenye frutescens, yaani ukoo wa pilipili kichaa. Ikashindwa nayo mahali pengine. L3 ikatoka kwenye chinense, ukoo wa pilipili mbuzi. Baadaye L4 ikatoka kwenye chacoense, pilipili pori ileile ya Bolivia. Kila ngazi ilitoka kwenye spishi nyingine, na hoho kubwa za kwenye vitalu vya Ulaya leo zinalindwa na jeni zilizokopwa kwa ndugu zake wadogo wakali. Kinga dhidi ya virusi vya doa mnyauko la nyanya, vinavyoenezwa na vithiripi, iitwayo Tsw, nayo imetoka kwenye chinense.

Mfano mwingine uko Mexico. Katika jimbo la Morelos kulikuwa na pilipili ndogo ya wenyeji, kali, ambayo watafiti waliiita Criollo de Morelos 334, au CM334 kwa kifupi. Iligundulika kuwa inastahimili kuoza kwa mizizi kunakosababishwa na kimelea kiitwacho Phytophthora kuliko karibu pilipili nyingine yoyote, na inahimili pia minyoo fundo. Mwaka 2014 timu ya Korea Kusini ilipotaka kusoma vinasaba vyote vya pilipili, haikuchagua hoho ya kibiashara. Ilichagua hiyo CM334. Walikuta herufi zipatazo bilioni 3.5, zaidi ya mara tatu ya zile za nyanya, na sehemu kubwa ni vipande vinavyojirudia. Wakulima wa Morelos waliokuwa wakiitunza hawakujua wanatunza nini. Walikuwa wanatunza pilipili inayobaki hai wengine wakifa, wakairithisha watoto wao.

Kwa chule hadithi ni ngumu zaidi, na hapa ndipo pilipili mbuzi inapopata heshima yake. Kinga kali kabisa iligunduliwa kwenye Capsicum baccatum, mistari, yaani aina za mbegu zilizotulia, iitwayo PBC80 na PBC81 katika mkusanyiko wa Kituo cha Mboga Duniani, ambacho makao yake makuu yako Taiwan. Tatizo ni kwamba ukipandanisha baccatum na annuum, kiinitete hufa ndani ya mbegu kabla ya kukomaa. Watafiti inabidi wakitoe kingali hai na kukilea kwenye chupa ya maabara. Njia nyingine ni kupitia daraja: unapandanisha baccatum na chinense kwanza, kisha mtoto wao unampandanisha na annuum. Chinense inaelewana na pande zote mbili kuliko zenyewe zinavyoelewana. Na yenyewe pia ina mstari wenye kinga ya chule, PBC932, ambao umeshatumika kuboresha pilipili ndefu. Pilipili tuliyozoea kuitia nzima kwenye mchuzi, ikielea bila kupasuliwa, ndiyo inayounganisha koo ambazo bila yenyewe hazikutani.

Kituo hicho cha Taiwan kina tawi Arusha tangu mwaka 1992, na hapo Arusha pia kuna kituo cha taifa cha hifadhi ya nasaba za mimea. Kenya wana benki yao Muguga. Kwa hiyo hatuna upungufu wa mahali pa kuhifadhi. Tunachopungukiwa ni mbegu za vijijini kufika huko zikiwa na maelezo yake: ilitoka wapi, inaitwaje na wenyewe, inaiva rangi gani, inaliwa na nini, imeishi miaka mingapi bila dawa. Mbegu isiyo na maelezo ni karibu sawa na isiyokuwapo.

Wakati huohuo soko linavuta upande wa pili. Umoja wa Ulaya umeweka masharti makali kwa pilipili zinazotoka Afrika tangu mwaka 2018 kwa sababu ya mdudu aina ya nondo anayeitwa kwa kifupi FCM, ambaye kiwavi wake hutoboa tunda, na wanunuzi wanazidi kudai mbegu chotara zenye tunda linalofanana. Sina ugomvi na chotara. Kwa mkulima mwenye mkataba ni mbegu nzuri, inazaa kwa mkupuo na kwa usawa. Ila haiwezi kuwa ndiyo pekee. Mtoto wake hafanani naye, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Na shamba lenye mimea inayolingana kabisa likipata ugonjwa mmoja unaoliweza, linaondoka lote. Tena chotara yenyewe imetengenezwa kutokana na wazazi waliotoka kwenye pilipili za wakulima mahali fulani. Mwaka 1958 mtafiti Paul Peterson alieleza aina ya pilipili kutoka India ambayo ua lake halitoi chavua hai. Mimea ya namna hiyo ndiyo imewawezesha wazalishaji kutengeneza mbegu chotara bila kuondoa chavua kwa mkono. Hata chanzo cha chotara ni mbegu ya kienyeji.

Kwa anayetaka kuanza kutunza, kazi ya kwanza ni kuzuia nyuki. Pilipili hujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakiwa wengi michanganyiko huwa mingi mno. Shona vifuko vya chandarua kuukuu, vifunike kwenye matawi kabla maua hayajafunguka, tikisa tawi asubuhi ili chavua idondokee ndani. Matunda yakishika, toa kifuko, funga uzi wa rangi kwenye vikonyo vyake ili usiyachanganye na mengine. Acha yaive kabisa mmeani. Kausha mbegu kivulini, usianike juani juu ya bati. Na usichukue mbegu kwenye mmea mmoja unaoupenda. Chukua kwenye mimea mingi, hata ile isiyovutia, kama unataka kutunza aina nzima pamoja na siri zake. Kuchagua mmoja bora ni kazi nyingine, ya baadaye.

Mimi hiyo ya baadaye nimeanza kuifanya, taratibu. Nachukua pilipili mbuzi ya njano yenye harufu kama mama, na pilipili kichaa iliyoota yenyewe kando ya shimo la taka, ambayo sijawahi kuiona na virusi, kama baba. Jioni natafuta tumba la mbuzi litakalofunguka kesho, nalifungua kwa sindano, naondoa vifuko vyote vya chavua vya rangi ya samawati kabla havijapasuka, kisha napaka kwenye ncha ya katikati chavua ya kichaa niliyoikung'uta kwenye kipande cha sahani nyeusi. Nafunika, nafunga uzi. Mengi yanadondoka, machache yanashika. Spishi hizi mbili hupandana bila taabu kubwa, kwa hiyo sihitaji maabara.

Kizazi cha kwanza miche yote itafanana, na hapo hakuna cha kuchagua. Kizazi cha pili ndipo kila kitu kinamwagika: matunda yanayotazama juu na yanayoning'inia, yanayoachia kikonyo na yanayong'ang'ania, yenye harufu na yasiyo nayo, moto wa kila daraja. Hicho kinahitaji miche mingi kadiri eneo linavyoruhusu, na bila kupulizia dawa, ili virusi vinisaidie kuchagua. Nitakaowaacha ni wenye harufu ya mama na majani safi ya baba, matunda yasiyodondoka kabla ya kuvunwa, na moto wowote ule. Kutoka hapo ni kuwafunika vyandarua na kuwarudia kizazi baada ya kizazi; kufikia cha sita au cha saba huwa wametulia vya kutosha kumpa jirani mbegu na kumwahidi itatoka nini. Kama katikati ya hao atatokea mmoja asiyewasha kabisa, huyo tayari ana mteja wa pilau la Ijumaa.